Floribert na Maoni ya Watazamaji

Jumapili ile filamu ya Théodore ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia ya Kadutu, mjini Bukavu, watu wote walitoka wakiwa na maoni, isipokuwa Floribert. Floribert alitoka akiwa na wazo. Na Floribert akipata wazo, ni vizuri kila mwenye mfuko aushike mfuko wake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kanda ya video, na iliitwa *Mademoiselle, Addition!*, yaani "Dada, lete hesabu!" Théodore, ambaye siku nyingine hupiga picha za harusi, aliitengeneza kwa siku nne akitumia kamera ya kuazima. Ilisimulia habari za wasichana watatu wanaohudumu kwenye resto, mkahawa wa tajiri mmoja bahili. Tajiri huyo alikuwa na mfupa mmoja wa mbuzi kwa juma zima: asubuhi anautia kwenye chungu ili supu inukie, jioni anautoa, anauosha, anauanika. Wasichana wanamchezea hila mpaka mwisho anautafuna mfupa huo yeye mwenyewe, kwa machozi. Pesa za kutengeneza filamu zilikuwa chache mno. Sahani ya samaki wadogo wa ziwani, sambaza za kukaanga, ilikuwa moja tu, kwa hiyo wateja wanne waliletewa ile ile, na yule wa nne alilalamika kwamba zimepoa, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Mahali fulani kivuli cha Théodore kilisimama ukutani tangu tukio lilipoanza hadi lilipokwisha, tena kikijikuna.

Padri wa parokia alikuwa ameagiza kila mtazamaji apewe kipande cha karatasi, aandike maoni, ndipo yeye aamue kama filamu inafaa kurudiwa. Lo! Watu wa Bukavu waombwe maoni! Penseli zilikwisha kabla ya watu. Mmoja aliandika kwamba filamu ni nzuri lakini yeye hakuiona, kwa sababu ya kitambaa cha kichwa cha mama aliyeketi mbele yake. Mwingine alitaka kujua kama kile kivuli ni cha shetani. Wengi walimsifu Virginie, msichana mrefu aliyecheza kama mkubwa wa wale watatu: anabeba sahani tatu kwa mkono mmoja na hatazami chini. Hilo halikuwa jambo la kuigiza. Virginie na wenzake, Godelive na Bibiane, walikuwa wahudumu kweli kwenye resto ya Papa Edouard, mtaa wa Nyawera. Mwalimu Modeste, ambaye hakuna filamu inayompita wala isiyomuudhi, alijaza karatasi pande zote mbili na akaomba ya pili.

Floribert hakuandika kitu. Alisimama uani na abacost yake ya kijani, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri, mkoba mkononi, akisikiliza. Kwenye vitabu vya serikali alikuwa na jina refu la mababu, kama ilivyoamriwa miaka ile ya kuitana citoyen, mwananchi, lakini aliowadhulumu walimkumbuka zaidi kwa jina la ubatizo. Aliwahi kuuza kiti kimoja cha ndege ya uwanja wa Kavumu kwa watu wanne, na wote wanne aliwatakia safari njema. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kalamu ya wino wa zambarau na muhuri wa mviringo ambao, ukiusoma kwa makini, haukusema kitu. Lakini katika nchi yetu wakati ule nani alisoma muhuri? Muhuri ulikuwa wa kutazamwa.

"Ile mufupa minaijua mimi," mama mmoja alikuwa anasema. "Njo ile ya Papa Edouard."

"Ya Edouard wapi! Ni ya Maman Eulalie wa pale sokoni."

"Batu hamujakula kwa Papa Gérard, kule karibu na port. Pale mufupa iko na miaka sawa na mimi!"

Hapo ndipo Floribert alipotabasamu. Matajiri watatu, mfupa mmoja, na hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeiona filamu, kwa kuwa Jumapili baada ya misa ndiyo saa ya kuuza. Aliingia ukumbini, akachukua karatasi zote tupu zilizobaki, akamshukuru mlinzi kwa Kifaransa, akaondoka.

Jumatatu asubuhi alikuwa amekaa ofisini kwa Papa Edouard, kati ya makreti ya bia na gunia la unga.

"Citoyen Edouard, funga mulango."

"Kuko nini?"

"Kuko filme."

"Filme! Mi siko na mambo ya filme."

"Lakini filme iko na mambo yako." Floribert akapanga mezani karatasi kumi na saba, moja moja, kila moja na muhuri. "Commission ya Maoni. Mi ni secrétaire tu, sina ubaya na mutu. Soma."

Papa Edouard alisoma huku midomo ikitembea. "'Ile resto ya mufupa moja siye tunaijua, iko Nyawera. Ni mimi, mujane wa Kavumu.'" Akainua macho. "Mujane wa Kavumu anajua nini? Hajakula hapa hata siku moja!"

"Pengine marehemu bwana yake alikula."

Papa Edouard alifanya ishara ya msalaba kwa heshima ya marehemu. Kisha akalipuka. "Ni uongo! Mufupa moja kwa siku saba? Nani anafanya vile? Mi nabadilisha kila siku ya tatu!"

Floribert aliinamisha kichwa, kama padri anayesikia maungamo. Mpaka dakika ile hakuwa na hakika hata kidogo.

"Na hizi karatasi zinaenda wapi?" Edouard aliuliza, sauti imepungua.

"Kinshasa."

"Kinshasa!"

"Isipokuwa watazamaji babadilishe mawazo. Mutu kubadilisha mawazo ni haki yake. Ila kumufuata mujane mpaka Kavumu, kumutafuta fundi wa mawe mpaka Kasha... usafiri, papa. Ni usafiri tu njo unatusumbua."

Droo ikafunguka. Papa Edouard alitoa bahasha, akaishika kwanza. "Na baongeze kusema supu yangu iko nzito."

"Nzito sana ao nzito tu?"

"Bei ni moja?"

"Hapana."

"Basi, nzito tu."

Floribert angeweza kuondoka hapo. Lakini fundi wa uongo hupenda kuupamba, na yeye alijiona fundi mkubwa. Mlangoni aligeuka. "Tena papa, bale basichana batatu benye balicheza ndani, kama bado banatumika hapa, commission itasema nini? Mi nauliza tu." Akaziacha zile karatasi mezani, akashuka ngazi na bahasha kifuani na paja la mbuzi kwapani, nyongeza ya usafiri. Siku hiyo hiyo Papa Gérard aliongeza bahasha nyingine, na Maman Eulalie alitoa bahasha pamoja na jogoo mzima, ingawa aliapa kwamba yeye mfupa wake anaubadilisha kila siku ya pili.

Jumanne Virginie, Godelive na Bibiane walifika kazini, wakakuta vitambaa vyao vya kiunoni vimekunjwa na kuwekwa nje ya mlango.

"Papa, tulifanya nini?" Virginie aliuliza.

"Soma mwenyewe." Edouard alimtupia zile karatasi kumi na saba, akarudi ndani.

Mshahara wa Virginie ulikuwa unalisha watu saba: mama yake mgonjwa, wadogo zake wanne, shangazi, na yeye akikumbukwa. Alisoma zile karatasi akiwa amesimama barabarani. Mjane wa Kavumu aliandika kwa wino wa zambarau. Fundi wa mawe wa Kasha vilevile. Muuguzi, katekista, mvuvi, wote zambarau, na wote waliinamisha herufi zao upande mmoja. Na kalamu ile Virginie aliijua. Kila Jumatano kulikuwa na bwana mmoja wa abacost ya kijani aliyeagiza chai tu, kisha akatoa kalamu ya zambarau na kusahihisha Kifaransa kwenye karatasi ya vyakula bila kuombwa na mtu.

"Twende tumupige," Godelive alisema. Alikuwa na mikono ya kufanya hivyo.

"Tukimupiga, tutarudi kwa kazi?"

"Hapana. Lakini roho itapoa."

"Roho yangu itapoa siku batoto batakula." Virginie alizikunja zile karatasi. "Ile mutu anauzisha nini?"

"Maoni," Bibiane akajibu.

"Basi tumupe maoni."

Waliandika tatu tu, kwenye karatasi za parokia ambazo Théodore alikuwa nazo mfukoni tangu Jumapili. Virginie alikataza sifa nyingi. Alisema mtu wa namna ile ukimsifu sana atashtuka, mkwaruze kidogo. Ya kwanza ilisema filamu inachekesha, lakini wanaume wake wamelala. Ya pili, iliyoandikwa na Godelive kwa mkono wa kushoto, iliuliza kwa nini hawakumchukua yule bwana wa abacost ya kijani aliyeketi benchi la tatu, ana sura ya filamu ingawa anakaa kwa maringo. Ya tatu ilisema kwa ufupi: yule wa benchi la tatu akicheza, naleta ukoo mzima.

Théodore alizipeleka mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu wa haya, hakuhitaji kuigiza haya. Floribert alizisoma amesimama. Alizisoma tena ameketi. Kisha akatoa leso, akafuta viatu.

"Benchi la tatu," alisema polepole. "Nilikuwa mimi."

"Njo vile niliwaza, citoyen."

"'Kwa maringo' hapo bamekosea. Ile si maringo. Ni ukaaji." Akaziweka ndani ya mkoba kwa uangalifu mkubwa. Mtu huyu alikuwa ameandika kwa mkono wake maoni zaidi ya hamsini ya watu wasiokuwepo duniani, wala hakujiuliza hata mara moja kama hao watatu wapo. Tusimcheke sana. Sifa zako mwenyewe hazifanani na uongo hata siku moja.

Katika siku mbili alikuwa mchezaji mkuu wa filamu ya pili, na katika siku tatu alikuwa pia producteur, kwa sababu Théodore alimwambia jina la producteur ndilo huja la kwanza kwenye kioo, kwa herufi kubwa kuliko zote. Producteur ndiye hutoa makuta, yaani pesa, lakini yeye Floribert makuta alikuwa nayo, bahasha tatu nene.

Virginie alimletea orodha ya vitu vya décor, vya kupanga mahali pa kuchezea. Kwa Edouard kamera isingeweza kuingia, kwa hiyo ilihitajika resto yao wenyewe. Chumba kilipatikana kwenye barabara inayopanda kwenda soko la Kadutu, hatua chache chini ya parokia. Mwenye nyumba hakutaka kukodisha chini ya miezi sita. Ilihitajika meza nane na viti vyake, vyungu vikubwa viwili, mbabula tatu, yale majiko ya makaa, vikombe na sahani arobaini.

"Arobaini!" Floribert aliguna.

"Papa, batazamaji balilalamika sana juu ya ile sahani moja."

Watazamaji walikuwa wamesema. Floribert alitoa. "Na ninyi mademoiselle," akauliza akifunga mkoba, "malipo yenu?"

Virginie alitazama chini, jambo ambalo sahani tatu hazijawahi kumfanya alitende. "Papa producteur, siye hatutaki kukusumbua. Makuta usitupe. Filme ikikwisha, utuachie tu vile vyombo vimekwisha kutumika, na ile chumba mpaka miezi yake ikwishe."

Floribert alitaka kucheka, akajizuia. Vyungu vyenye masizi na viti vilivyokaliwa, eti mshahara wa watu watatu! Aliandika hati papo hapo kwa zambarau, akaigonga muhuri mara mbili, wasije wakabadili nia. Njiani alijisikia mwepesi, kama kila mara anapokuwa amemdhulumu mtu.

Théodore alikuwa amempangia awe mkaguzi wa usafi. Siku ya kwanza tu Floribert aliikataa kazi hiyo. "Mukaguzi wa usafi iko baridi," alisema. "Nipe mujanja. Mujanja anaingia kwa tajiri wa resto na maoni ya uongo... Niachie mimi, najua vile mutu wa namna ile anasema." Godelive alibanwa na kikohozi, ikabidi atoke nje. Virginie alikuwa amepanga kumsukuma kidogo kidogo mpaka afike hapo. Hakutegemea angekimbilia mwenyewe. Wala Floribert hakuona hatari yoyote: wale matajiri watatu Jumapili hawaachi masufuria yao, hata papa wa Roma akija.

Basi alicheza. Alimweka Ignace, mpishi wa mapadri, awe tajiri, akampanga kila neno: afungue droo vipi, ashike bahasha vipi, aombe supu iitwe nzito vipi. Hakuna lililobaki ndani. Théodore alikuwa anashika kamera tu na kusema "tena".

Alichokisahau producteur ni kwamba tajiri wa resto haachi masufuria kwa ajili ya filamu, lakini kwa chakula cha bure anayaacha. Virginie alituma barua tatu zisizo na saini: mgeni wa heshima, kiti cha mbele, filamu saa nane, kisha kula bila kulipa. Papa Edouard alifunga resto saa sita. Maman Eulalie alikuja hajala tangu jana yake.

Jumapili ya maonyesho ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Jina la producteur lilitokea kwanza, kubwa, na Floribert, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango ili watu wamwone wakigeuka, alifumba macho kwa furaha. Alipoyafumbua aliona visogo vitatu kwenye benchi la mbele, akavitambua. Miguu ilitaka kwenda. Lakini kwenye kioo alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mkoba mkononi, na mtu hawezi kutoka anapoingia yeye mwenyewe. Akabaki.

Kwenye kioo Ignace alisema, "Na baongeze kusema supu yangu iko nzito." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Papa Edouard alikaza shingo. Kisha akaona Papa Gérard amekaza shingo pia, na Maman Eulalie ameshika kifua, na kila mmoja wa watatu alielewa hesabu moja: atakayekasirika ndiye mwenye mfupa. Basi walicheka. Hakuna waliocheka ukumbini mle kama wale watatu. Papa Edouard alipiga goti kwa kiganja mpaka likavimba. Floribert alipoona hivyo alishusha pumzi. Alikuwa amepona. Angetulia tu, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Filamu ilipokwisha watu walimwagika uani, na maoni yakaanza kama kawaida. Wasichana walisifiwa. Sahani arobaini zilisifiwa. Floribert alizunguka taratibu katikati ya watu, akivuna.

"Kwa mimi," Mwalimu Modeste alitangaza, na watu wakanyamaza, "filme iko sawa. Ignace nampa points kumi na mbili kwa makumi mbili. Basichana, kumi na saba. Ila ile mujanja..." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ile mujanja, hapana."

"Hapana juu ya nini?" sauti iliuliza. Ilikuwa ya Floribert.

"Haaminiki. Mutu anaingia na karatasi, anasema vile, na tajiri anatoa makuta? Nani mujinga atamupa?"

"Kweli kabisa," Papa Edouard akadakia haraka. Aliona njia ya kujitenga na mambo haya milele. "Hata mimi singemupa kikombe ya chai."

"Hata kuku singemuonyesha," Maman Eulalie akaongeza.

Watu wakacheka, na safari hii walimcheka mchezaji. Floribert alihisi uso unawaka. Alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani: mwizi, nyoka, mtoto wa haramu, hayo yalimpita bila kumgusa. Kuambiwa hajui kazi yake hakujawahi kutokea.

"Singemupa?" alipaza sauti. "Weye Edouard, singemupa? Hukunipa bahasha na paja ya mbuzi, juu ya karatasi kumi na saba tu? Na weye maman, ile jogoo nilijipikia ni nini, ndoto? Gérard alilia! Alilia mbele yangu! Haaminiki! Muwaulize hawa kama siaminiki!"

Ua mzima ukageuka kuwatazama wale matajiri watatu. Hata Mwalimu Modeste aligeuka.

Papa Edouard alikunja mkono wa kulia wa shati, kisha wa kushoto, bila haraka. Hapakuwa na kitu cha kuficha tena. Floribert alizitazama zile sura tatu, akautupa mkoba, akaruka ukingo wa ua na kuteremka njia ya miguu yenye utelezi, abacost ikipepea, Edouard na Gérard nyuma yake, na Maman Eulalie akiwafuata kwa mbali na kiatu mkononi. Watu walikimbilia ukingoni kutazama. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliinuka akikimbia.

"Hapo sasa," Modeste alisema, "minamuamini."

Virginie hakwenda kutazama. Alibaki amesimama katikati ya ua. Mwezi mzima alikuwa akilala anahesabu watu saba. Moshi wa makaa ulikuwa unapanda kutoka kile chumba chini ya parokia, na ndani ya vyungu viwili, tangu alfajiri, Bibiane alikuwa amepika mbuzi wawili wa mkopo na mifupa yao yote. Watu mia moja walikuwa wamecheka saa nzima na walikuwa na njaa. Walianza kugeuka, mmoja mmoja, wakifuata harufu.

Alifunga kitambaa kiunoni, akateremka. Meza nane zilijaa kabla hajafika mlangoni. Théodore alikuwa ameganda pale kizingitini, macho yakimtoka.

"Dada Virginie, angalia hii mwangaza! Nikimbie nilete kamera?"

"Kamera ya nini?" Virginie alimwekea sahani mbili mikononi. "Peleka. Meza ya tatu inangoja."